Nyasi hazisomi kalenda

Mwaka wangu wa kwanza Columbus, Ohio, huku Marekani, nilikata nyasi tarehe 9 Machi. Theluji ilikuwa imeyeyuka wiki iliyotangulia, jua limewaka tangu asubuhi, joto limefika nyuzi 19, na vijana wa mtaani wanapita na kaptula kana kwamba wako Kunduchi. Nikatoa mashine gerejini, nikashusha kisu hadi alama ya mwisho, nikaanza. Nyasi zenyewe zilikuwa na rangi ya makuti makavu, na kwangu hiyo ilikuwa sababu ya kuzinyoa. Nilipomaliza, magurudumu yalikuwa yamechora mifereji miwili ya matope kila nilipopita. Baada ya siku tano theluji ikaanguka tena juu ya mifereji yangu, na mpaka Juni uwanja ulikuwa na mabaka kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye.

Jirani yangu, mzee mstaafu, alinitazama siku ile kutoka barazani kwake bila kusema neno. Mashine yake haikulia hadi katikati ya Aprili. Nilidhani ni uchovu wa uzee. Imenichukua miaka kadhaa kuelewa kwamba mzee yule alikuwa anatazama saa tofauti na yangu, na kwamba karibu makosa yote ya mkato wa kwanza wa mwaka hutokana na mtu kutazama saa isiyo ya nyasi.

Kosa langu lilianzia kwenye lugha. Majira haya ya Machi hadi Mei ya nchi za kaskazini wengi tumezoea kuyaita masika. Wengine husema majira ya machipuko. Sisi tulioko huku, tukiwa wenyewe kwa wenyewe, tunasema tu "springi" na maisha yanaendelea. Shida ya neno masika ni kwamba lina mvua ndani yake. Kwa mtu wa Morogoro au Mombasa joto ni jambo la mwaka mzima, kinachosubiriwa ni maji. Ardhi hukauka, nyasi hujikunja, halafu mvua ya Machi ikishagonga bati siku chache uwanja wa shule umegeuka kijani na mwalimu wa zamu anatangaza kesho kila mtu aje na kwanja. Ohio mambo ni kinyume. Maji yapo miezi yote, na mwisho wa Februari ardhi imelowa chepechepe kwa theluji iliyoyeyuka. Kinachokosekana ni joto, tena la udongo, sentimita tano chini ya soli ya kiatu chako, wala si lile la hewa unalolisikia shingoni. Mtu aliyelelewa na masika akiona jua na udongo mbichi kwa pamoja, mwili wote unamwambia majani yanaota. Mwili unamdanganya.

Wenyeji nao wana saa zao nyingi za kudanganyia. Watu wa hali ya hewa huanza kuyahesabu majira haya tarehe 1 Machi, kwa sababu miezi mitatu mitatu kamili hurahisisha takwimu. Wanaastronomia husubiri tarehe 20 Machi au karibu yake, jua linapovuka ikweta na mchana kukaribia kulingana na usiku. Serikali husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, na jioni hurefuka kwa amri. Halafu kuna yule mnyama wa Punxsutawney, Pennsylvania, anayefanana na pimbi aliyenenepa, ambaye tangu 1887 hutafutwa kila tarehe 2 Februari ili ijulikane kama ataona kivuli chake; akikiona, watu hutangaziwa wiki sita zaidi za baridi. Ohio ina wa kwake, Buckeye Chuck, aliyepewa cheo rasmi na jimbo mwaka 1979. Nawapenda wote wawili. Hakuna hata mmoja anayekata nyasi.

Udongo una uzito wake wa kuamka. Hewa inaweza kupanda nyuzi 15 kati ya alfajiri na adhuhuri. Udongo uliojaa maji hauwezi, kwa sababu maji hunywa joto jingi kabla ya kupanda hata nyuzi moja, na baridi ya usiku hunyang'anya sehemu ya kile jua lilichoongeza mchana. Udongo wa mfinyanzi, ambao umejaa Ohio ya kati, hushika maji sana, kwa hiyo huchelewa kuliko wa kichanga. Ndiyo maana siku ya kaptula mwanzoni mwa Machi inaweza kuwa na udongo wa nyuzi 4 tu. Nyasi za sehemu hizi huanza kujinyoosha udongo ukifika takriban nyuzi 5 hadi 7. Mizizi yake hufurahi zaidi kati ya 10 na 18, na majani hukimbia joto likiwa kati ya 16 na 24. Kumbuka pengo hilo la mizizi kutangulia majani, tutalirudia.

Ukitaka kuiona saa hii kwa macho, zunguka nyumba mapema Aprili. Nyasi za kijani za kwanza ziko kando ya ukuta wa matofali unaotazama kusini, kwa sababu katika latitudo hizi jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini mwaka mzima na ukuta huhifadhi joto lake. Za mwisho ziko kaskazini mwa nyumba, kwenye kivuli. Katikati ya uwanja utaona vishada vya kijani kibichi vimesimama peke yake kama visiwa. Hivyo ni kazi ya mbwa wa jirani, maana mkojo wake una naitrojeni ya kutosha kuzitangulizia nyasi karamu. Uwanja mmoja, na majira yameingia kwa tarehe tatu tofauti.

Wapo wanaolipima jambo hili kwa hesabu. Chuo Kikuu cha Ohio State kina kalenda ya mtandaoni ambayo ukiandika msimbo wa posta na tarehe, inakuambia ni joto kiasi gani limejikusanya mahali hapo tangu mwaka uanze. Inafanya kazi kama kibubu. Kwa njia rahisi ya hesabu hii, chukua joto la juu la siku na la chini, tafuta wastani, kisha toa nyuzi 10. Siku yenye 18 mchana na 6 usiku wastani wake ni 12, kibubu kinapata 2. Siku ya wastani wa 8 haiingizi kitu, lakini pia haichomoi kitu. Kila mmea na kila mdudu hutoka kibubu kikifika kiwango chake, na ndiyo sababu mfuatano wa nani anachanua baada ya nani haubadiliki sana mwaka hadi mwaka, hata pale tarehe zinapopishana kwa wiki mbili au tatu.

Mzee jirani hakuhitaji kalenda ya chuo. Alikuwa na kichaka cha forsaithia kwenye kona ya ua, kile kinachofunguka maua ya manjano kabla ya kutoa jani hata moja. Watunza bustani wa huku huyatumia maua hayo kama kengele, hasa kwa ajili ya gugu moja la jenasi Digitaria ambalo wenyeji wamelipa jina la kaa, kwa jinsi linavyotandaza miguu pande zote. Mbegu zake huota udongo ukikaa kwenye nyuzi 13 hivi kwa siku kadhaa mfululizo. Dawa ya kuzizuia inatakiwa iwe imeshamwagwa kabla ya hapo. Zikishachomoza, umemwaga hela. Forsaithia ikichanua, unajua udongo unakaribia, na nyasi zenyewe zimeanza safari. Mkato wa kwanza hufuata baadaye, mara nyingi maua yakiwa yanadondoka.

Sasa habari ya jina, siwezi kuiruka. Nyasi maarufu kuliko zote kwenye nyumba za kaskazini mwa Marekani kitaalamu inaitwa Poa pratensis. Poa! Neno lenyewe ni la Kigiriki na maana yake ni majani ya malisho, ila Mswahili atalisoma vipi bila kucheka, wakati nyasi hii kweli hupenda mahali palipopoa? Jimbo la Kentucky limebandikwa kwenye jina lake la Kiingereza, ingawa nyasi ililetwa na walowezi kutoka Ulaya. Yeye na ndugu zake, feski na raigrasi, ni kundi la nyasi za baridi: hukua kwa nguvu majira ya machipuko, husinzia kiangazi kikikolea, huamka tena Septemba.

Ukoka wetu ni ukoo mwingine. Cynodon dactylon ina asili ya Afrika, Wamarekani wanaiita kwa jina la kisiwa cha Bermuda, na viwanja vya Georgia na Texas vimejaa tele. Nyasi nyingine ya nyanda za juu za Afrika Mashariki imesafiri hadi California na Australia ikiwa na jina la Wakikuyu. Hizi hufanya usanisinuru kwa njia ile ya mahindi na muwa, ambayo hukusanya kaboni kwa ufanisi mkubwa kwenye jua kali lakini huzubaa kwenye baridi. Ukoka wa Atlanta hugeuka rangi ya nyasi za kuezekea jalidi ikianza kupiga, na hauamki vizuri mpaka udongo ufike nyuzi 16 hadi 18.

Kutojua tofauti hii ndiko kunakoleta ugomvi kwenye magrupu ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya wa huku. Binamu wa Houston anaandika kwamba yeye mwanzo wa msimu hunyoa hadi chini kabisa na uwanja unapendeza. Anasema kweli. Ukoka una mashina yanayotambaa juu ya ardhi na mengine chini yake, kwa hiyo kuunyoa kabla haujaamka huondoa majani yaliyokufa na kuliacha jua ligonge udongo moja kwa moja. Feski, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya uwanja wangu, huota kwa vishada na haitambai. Nilipoifuata kanuni ya Houston hapa Ohio, nilikuwa namnyoa mtu kipara halafu namtoa nje kwenye theluji.

Ili kuona madhara yake, inabidi kujua nyasi hukua kutokea wapi. Mchicha hukua nchani. Ukikata ncha, unaulazimisha utoe matawi ya pembeni. Jani la nyasi hukua kutokea kitakoni, kama ukucha. Kiwanda kinachotengeneza majani mapya ni kifundo kifupi kilichojibana usawa wa ardhi, kati ya mizizi na majani, na nyumbu, ng'ombe na mashine hupita juu yake bila kukigusa. Ncha unayoikata leo ndiyo sehemu kongwe kuliko zote za jani hilo. Kwa hiyo ncha za kahawia za mwezi wa tatu hazina maana kwamba nyasi imekufa. Ni majani ya mwaka jana yaliyoungua na baridi, na kijani kinawasili kutoka chini.

Lakini jani ndilo jiko. Wakati wa baridi kali mmea huishi kwa wanga uliowekwa akiba tangu majira ya kupukutika, na machipukizi ya kwanza hujengwa kwa akiba hiyohiyo. Ukilikata jani changa mno, umebomoa jiko kabla halijapika chakula cha kwanza, na ghala nalo linaelekea kwisha.

Kanuni inayotajwa kila mahali, kwamba usikate zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja, ina chimbuko la heshima. Mwaka 1955 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilichapisha majaribio ya Franklin Crider, aliyekata nyasi za aina mbalimbali kwa viwango tofauti na kufuatilia mizizi yake. Nyasi zilizopoteza nusu ya majani au zaidi, karibu zote zilisimamisha ukuaji wa mizizi kwa siku kadhaa. Mmea ulikuwa unaelekeza nguvu kwenye kujenga majani upya. Zilizokatwa kidogo hazikushtuka. Kwa vitendo hesabu yake ni hii: kama unataka uwanja wa sentimita 8, ambao ni urefu mzuri kwa feski, kata nyasi zikifika 12. Hilo ndilo jibu la swali la kuanza lini, na halina tarehe ndani yake. Unachohitaji ni rula.

Sasa turudi kwenye lile pengo. Mizizi hupenda udongo wa nyuzi 10 hadi 18, yaani Aprili na Mei, na huo ndio msimu inapokwenda chini kwa kasi. Julai udongo ukishapata moto, mizizi ya nyasi za baridi huacha kukua na mingine hufa. Nyasi huvuka kiangazi kwa mizizi iliyojengwa kabla. Aliyenyoa sana Aprili amesimamisha ujenzi katika wiki zilezile ambazo mafundi wako kazini. Haoni chochote wakati huo. Uwanja ni wa kijani, mvua ipo, jirani anamsifia. Mwezi wa saba jua likipiga siku kumi bila tone la mvua, wa kwake ndio wa kwanza mtaani kugeuka rangi ya kahawa ya maziwa, naye anamlaumu mwenye duka la mbegu.

Kipindi kigumu hasa huja baada ya mkato wa kwanza. Mei, nyasi za baridi zina kila kitu kwa pamoja: akiba, mchana mrefu, mvua, joto la wastani. Ukitii kanuni ya theluthi utakata kila baada ya siku nne au tano. Wengi hukata Jumamosi kwa Jumamosi kwa sababu ndiyo siku wasiyokwenda kazini, na kalenda ikawa imerudi kwa mlango wa nyuma. Mabaki yaache palepale yalipoanguka. Yana naitrojeni, na yakirudi udongoni yanaweza kutosheleza hadi robo ya mahitaji ya mbolea ya mwaka. Nimewahi kuona mtu anafunga nyasi zake kwenye mifuko ya karatasi apeleke kando ya barabara zichukuliwe, kisha anaendesha gari kwenda kununua mfuko wa mbolea.

Kuhusu unyevu nimeshaonyesha mfano wangu. Udongo mbichi ukikanyagwa na mashine hushindiliwa, matundu ya hewa hufungwa, na mizizi hukosa pumzi. Nayo nyasi yenye umande hulala chini ya kisu na kuraruka badala ya kukatika. Inachekesha kwamba wakataji wa zamani wa Ulaya, waliotumia mundu mrefu wa mikono miwili, waliamka alfajiri kuuwahi umande huohuo, kwa sababu mundu wao hukata vizuri zaidi jani likiwa limelowa. Mashine imepindua ratiba: sasa mkataji mzuri ni yule aliyelala mpaka saa tano.

Na mashine yenyewe ina majira yake. Ikikataa kuwaka Aprili, mara nyingi kosa lilifanyika Oktoba, petroli ilipoachwa ndani ya tangi. Petroli ya vituo vingi vya Marekani ina ethanoli asilimia 10, na ethanoli huvuta maji kutoka hewani. Miezi sita ndani ya gereji yenye ubaridi na unyevu, mafuta huchacha na kuacha utando kama gundi kwenye vijitundu vya kabureta. Watu huvuta kamba mpaka bega linauma, wananunua plagi mpya, wanailaani mashine, na tatizo ni kijiko cha mafuta ya mwaka jana. Mwaga petroli yote ya zamani, badilisha oili, kung'uta chujio la hewa, noa kisu kwa tupa. Kabla ya kugusa kisu chomoa waya wa plagi, na ukiilaza mashine hakikisha kabureta iko juu, la sivyo oili itaingia kwenye chujio. Tangu 1982 mashine za kusukuma zinazouzwa Marekani zinatakiwa kisu kisimame ndani ya sekunde tatu baada ya kuachia mpini, lakini sheria hiyo haikulindi ukikizungusha kwa mkono wakati waya upo. Kisu butu utakitambua kesho yake: ncha za nyasi huwa nyeupe na zenye nyuzinyuzi, na uwanja mzima huonekana kama umenyunyiziwa majivu.

Jambo moja la kufanya kabla ya kuwasha, na ambalo sikuambiwa na mtu: tembea uwanja mzima kwa miguu. Sungura wa huku huzaa kuanzia Machi, na kiota chao ni kijishimo kifupi katikati ya nyasi kilichofunikwa kwa majani makavu na manyoya. Mama hufika kunyonyesha alfajiri na jioni tu, kwa hiyo mchana utaona kishada cha nyasi zilizokufa na hutadhani kuna roho nne chini yake. Zungushia vijiti, acha kipande hicho. Wiki tatu hivi watakuwa wameondoka.

Mama yangu, siku nilipomwonyesha uwanja kwa video, aliuliza swali ambalo bado linanisumbua. "Sasa mwanangu, majani yote hayo, na hata mbuzi mmoja huna?" Nikacheka, nikamwambia, "Mama, huku majani si ya kula, ni ya kutazama." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya." Ile "haya" ya wazazi mnaijua.

Ila alikuwa amegusa historia. Uwanja wa nyasi fupi zisizoliwa ulikuwa fahari ya matajiri wa Uingereza, waliokuwa na uwezo wa kuwalipa watu wa mundu au kufuga kondoo kwa ajili ya kuupunguza. Mwaka 1830 Edwin Budding, fundi wa Thrupp karibu na Stroud, Gloucestershire, alitazama mtambo uliokuwa ukinyoa nywele za uso wa vitambaa kwenye viwanda vya sufu vya bonde lile, akawaza kwamba uso wa ardhi nao unaweza kunyolewa vivyo hivyo. Mashine ya kwanza ya kukatia nyasi ni mtoto wa kiwanda cha nguo. Hata baada yake kondoo hawakustaafu mara moja: wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Rais Woodrow Wilson aliwafuga kwenye viwanja vya Ikulu ya Marekani ili kupunguza gharama za wakataji, na sufu yao ikapigwa mnada kwa ajili ya Msalaba Mwekundu. Nilimsimulia Mama. Akasema Rais huyo alikuwa na akili.

Aliyeugeuza uwanja kuwa wajibu wa mtu wa kawaida ni mjenzi wa nyumba. Levittown, kwenye kisiwa cha Long Island, New York, ilianza kupokea wakazi mwaka 1947, maelfu ya nyumba zinazofanana, kila moja na uwanja wake, na mikataba ikamtaka mkazi akate nyasi angalau mara moja kwa wiki kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 15 Novemba. Mikataba hiyohiyo ya mwanzo ilikataza nyumba kukaliwa na mtu asiye mzungu, isipokuwa akiwa mtumishi wa ndani. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1948 kwamba masharti ya ubaguzi ya aina hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama. Sharti la nyasi halikuguswa na mtu. Leo miji mingi ina kanuni zake, inchi 8, 10 au 12, ukizidisha unaletewa barua kisha faini, na mahali pengine manispaa hutuma wakataji kisha ankara inakuja kwako. Kwa mhamiaji mpya barua hiyo huwa fumbo kuliko kodi, maana imeandikwa kana kwamba kila mtu alizaliwa akijua.

Nguvu ya kuvuta upande wa pili imekuja kutoka Uingereza vilevile. Mwaka 2019 shirika la Plantlife lilianza kuwahimiza watu wasikate kabisa mwezi Mei ili maua ya mwituni yawalishe nyuki, na mwaka 2020 mji wa Appleton, Wisconsin, ukaichukua kampeni hiyo na kusimamisha faini zake kwa mwezi huo. Utafiti uliofanyika Appleton ulioonyesha nyuki wakiongezeka sana ulisambaa kila mahali. Iliyosambaa kidogo zaidi ni habari kwamba ulifutwa na jarida lililouchapisha, mwaka 2022, baada ya kasoro kuonekana kwenye takwimu. Mimi sina ugomvi na nyuki. Ugomvi wangu ni na mwezi wenyewe. Mei ni mwezi wa Uingereza. Ohio ya kati nyuki wa kwanza huruka mapema zaidi, wakati kaskazini mwa Minnesota Mei inaweza kuwa bado na theluji. Na anayesubiri hadi tarehe 1 Juni hukuta nyasi zimefika magotini. Hapo ama anyoe zaidi ya nusu kwa siku moja, ama akate mara tatu kwa wiki nzima akishusha kisu kidogo kidogo. Wengi hunyoa.

Kuna utafiti mwingine ninaouamini zaidi, wa Springfield, Massachusetts, uliochapishwa 2018. Walilinganisha viwanja vilivyokatwa kila wiki, kila wiki mbili na kila wiki tatu. Vya wiki tatu vilikuwa na maua mengi kuliko vyote, lakini nyuki wengi zaidi walikuwa kwenye vya wiki mbili, labda kwa sababu nyasi zikirefuka sana huyafunika maua na nyuki hawayafikii. Wiki mbili za Mei ni kinyume na theluthi ya Crider, najua. Nimegawa: mbele ya nyumba, panapoonekana na manispaa, nafuata rula, nyuma nimewaachia klova na yale maua ya manjano ya dandelayoni, nakata kila baada ya wiki mbili nikiwa nimepandisha kisu hadi alama ya juu kabisa. Harufu tamu inayotoka ukikata, ile inayofanya watu waseme sasa majira yameingia, ni kemikali ambazo jani hutoa likijeruhiwa. Kila mtu ana namna yake ya kupiga kelele.

Mwaka huu nina kipimajoto cha kuchomeka ardhini. Jana saa mbili asubuhi kilisoma nyuzi 9. Nyasi za ukuta wa kusini zimefika sentimita 10, za nyuma ya nyumba hazijafika 6. Mashine imeshatiwa oili, kisu kimenolewa. Mzee jirani, ambaye sasa anatembea na mkongojo, alisimama kwenye uzio akaniuliza nitaanza lini. Nikamwonyesha forsaithia yake, manjano tupu, hakuna ua hata moja lililodondoka. Akatikisa kichwa kukubali, akarudi barazani kwake.